Kuzhugetovich: ukoo ulioingia kwenye kisanduku cha baba

Aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Urusi kuanzia Novemba 2012 hadi Mei 2024 huitwa kwa heshima Sergei Kuzhugetovich. Ndiyo adabu ya Warusi: unataja jina la mtu, kisha jina la baba yake likiwa limeongezewa kiambishi mwishoni. Mrusi akisikia hivyo anaelewa kwamba huyu ni Sergei na baba yake aliitwa Kuzhuget. Mtuva, yaani mtu wa Tuva alikotoka baba huyo, akisikia maneno hayohayo anajua kuna kitu hakikukaa mahali pake. Kuzhuget si jina ambalo mtoto hupewa akizaliwa. Ni jina la ukoo.

Ili msomaji wa pwani alione jambo hili kwa karibu, achukulie mtu wa Mombasa ameandikwa kwenye vitabu vya serikali "Salim bin Mazrui", halafu jina alilopewa baba yake siku ya akika likageuzwa kuwa jina la familia la watoto na wajukuu wote. Ndicho kilichoupata mlango huu wa ukoo wa Kuzhuget. Siasa za Sergei Shoigu na vita vyake vina waandishi wake. Kinachonishughulisha hapa ni jina la baba yake, kwa sababu katika jina hilo moja unaweza kusoma karibu historia yote ya majina ya Watuva.

Aliyezaliwa Shoigu

Tuva iko kusini mwa Siberia, imepakana na Mongolia, na ndiko mto Yenisei unakoanzia. Kwa eneo inazidi kilometa za mraba 168,000, lakini wakazi wake ni kama 330,000 tu. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Dini yao ni Ubuddha wa mkondo wa Tibet, pamoja na imani ya waganga wa mizimu ambayo haikuwahi kukatika. Wengi wa nje wanaijua Tuva kwa wale waimbaji wanaotoa sauti mbili kwa koo moja.

Mwaka 1921 ilitangazwa jamhuri huru ya Tannu-Tuva. Mwaka huohuo alizaliwa mtoto wa kiume aliyeitwa Shoigu. Baba yake aliitwa Seree, na ukoo wao ulikuwa Kuzhuget. Kwa utaratibu wa Kituva ulio kamili, mtoto huyo angetajwa hivi: Shoigu Seree oglu Kuzhuget, yaani Shoigu mwana wa Seree, wa ukoo wa Kuzhuget. Neno "oglu" ni "mwana wake", na linafanya kazi ileile ya "bin" kwetu.

Kijana huyo alisoma na akapanda. Alikuwa mhariri wa gazeti la Shyn, jina lenye maana ya "Ukweli", akawa katibu wa chama katika mkoa, kisha naibu mwenyekiti wa baraza la mawaziri la Tuva. Alioa mwanamke aliyetoka Ukraina, na mwaka 1955, katika mji wa Chadan, wakamzaa Sergei. Baba alifariki mwaka 2010. Lakini kwenye karatasi zote za utu uzima wake hakuwa tena Shoigu mwana wa Seree wa ukoo wa Kuzhuget. Alikuwa Kuzhuget Sereyevich Shoigu. Jina lake binafsi lilikaa mahali pa jina la familia, na ukoo ukakaa mahali pa jina lake binafsi. Inavyosimuliwa, ni kosa la karani wa pasipoti aliyegeuza mpangilio.

Nimelitazama kosa hilo mara nyingi, na kila nikilitazama naona kwamba neno "kosa" linamtwisha karani mmoja mzigo usio wake peke yake. Karani alikuwa na fomu yenye visanduku vitatu mbele yake. Mbele ya fomu alisimama mtu aliyetoka katika utaratibu ambao haukuwa na visanduku.

Mfupa

Kwa Kituva, neno moja la ukoo ni söök, na maana yake ya kwanza ni mfupa. Sisi husema watu ni wa damu moja. Wao husema ni wa mfupa mmoja, na mfupa huo hupita kwa baba. Mama anatoka mfupa mwingine, na ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa desturi ilikataza watu wa mfupa mmoja kuoana. Kwa hiyo jina la ukoo lilikuwa na kazi yake. Vijana wawili wakitazamana sherehe, jambo la kwanza wazee walilotaka kulijua lilikuwa mfupa wa kila mmoja.

Ila jina hilo halikuwa la kumwitia mtu. Watuva waliishi katika aal, kambi ya mahema machache ya wafugaji wa jamaa moja, wakihama na kondoo, farasi, ng'ombe na mbuzi kufuata majira. Ndani ya aal moja karibu wanaume wote ni wa ukoo mmoja. Ukisimama katikati ya mahema ukaita "Kuzhuget!", hakuna atakayejua unamwita nani, au watageuka wote. Kilichotumika ndani ni jina la mtu, na hilo nalo kwa tahadhari, maana haikuwa adabu mdogo kutamka jina la mkubwa wake. Unamwita akyi ikiwa ni kama kaka yako mkubwa, ugbai ikiwa ni kama dada yako mkubwa. Mwanamke aliyeolewa alijizuia hasa na majina ya upande wa mumewe. Mama zetu waliomwita mume "Baba Fulani" maisha yao yote wangelielewa hili bila kuelezwa.

Ukoo ulitamkwa pale mtu alipotoka. Ukikutana na mgeni njiani, au ukiwa mbali na kwenu, ndipo unaulizwa wewe ni mfupa gani. Kwa maneno mengine, Mtuva alikuwa na majina mawili ambayo hayakuwa na sababu ya kuandikwa pamoja mstari mmoja, kwa kuwa kila moja lilikuwa na watu wake na mahali pake. Hilo ndilo lililofanya swali la karani, "jina lako kamili nani?", liwe gumu kuliko karani alivyodhani.

Majina yenyewe

Koo za Watuva ni chache ukilinganisha na wingi wa watu, na majina yake yanajirudia kila ufikapo: Mongush, ambalo ndilo lenye watu wengi kuliko yote, kisha Kuular, Ondar, Oorzhak, Salchak, Khertek, Saryglar, Khovalyg, Tulush, Dongak, Irgit, Soyan, Kyrgys, Oyun, Sat, Tumat, Khomushku, Choodu, Kuzhuget. Kila jina lina safari yake. Saryglar ni neno linalosomeka wazi, maana saryg ni rangi ya njano na -lar ni wingi, kwa hiyo ni "wale wa njano". Kyrgys ni jina lilelile la Wakirgizi wa Yenisei, waliouvunja ufalme wa Wauighuri mwaka 840. Watumat wanatajwa katika kumbukumbu za karne ya 13 kama watu wa misituni waliompa tabu Chinggis Khan. Salchak linafanana na jina la kabila la Wamongolia wa zamani, Saljiut. Wengi wanalihusisha jina Soyan na jina la milima ya Sayan yenyewe.

Huko kaskazini mashariki, Todzha, kwenye misitu ya wafugaji wa kulungu, utakutana na Ak-Todut na Kara-Todut, Ak-Choodu na Kara-Choodu. Ak ni nyeupe, kara ni nyeusi. Ukoo ukikua mno unapasuka, na kila pande linachukua rangi ili wajue nani ni nani.

Ukiyapanga majina haya pamoja unaona kwamba taifa la Watuva halikutoka kwenye babu mmoja. Ni Waturuki, ni Wamongolia, ni watu wa misituni waliokuwa na lugha nyingine kabla ya kuanza kusema Kituruki. Lugha imekuwa moja, mavazi yamekuwa mamoja, lakini majina ya koo yamebaki yakikumbuka nani alitoka wapi. Ndiyo sababu naumia jina la ukoo linapopotea kwenye karatasi. Mara nyingi ndilo kumbukumbu pekee ya asili ambayo mtu wa kawaida alirithi bila kusoma kitabu.

Daftari la kwanza

Warusi hawakuwa wa kwanza kuandika koo hizi. Kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi 1911 Tuva ilikuwa chini ya dola ya Qing ya China, na Wamanchu walioitawala dola hiyo waliipanga kijeshi kama walivyoipanga Mongolia. Juu kulikuwa na kozhuun, kama wilaya, chini yake sumu (ni neno lao, si sumu ya kuua), na chini yake arban, yaani kumi, kundi la kaya kumi. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kulipa kodi, pa kutumikia, pa kuhesabiwa. Kozhuun nyingine zilibeba majina ya koo, kama Salchak na Oyun, na nyingine zilibeba majina ya vyeo, kama Beezi. Sumu nyingi nazo zilibeba jina la ukoo uliokuwa na watu wengi humo.

Hapo ndipo jambo la kwanza lilipobadilika, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kosa la pasipoti. Ukoo, ambao ulikuwa habari ya mfupa, ukaanza pia kuwa habari ya mahali na ya kodi. Mtu anayehesabiwa katika sumu ya Salchak anazoea kujibu "Salchak" anapoulizwa na ofisa, hata kama babu yake aliingia humo kutoka ukoo mwingine. Baada ya karne moja na nusu ya kujibu hivyo, nani atatofautisha? Majina mengi ya koo za Tuva tunazozijua leo yalikazwa na daftari la Wamanchu kama vile mti unavyokazwa na ua uliofungiwa humo: mti ni uleule, ila umeota ukifuata ua. Hadi sasa wilaya za Tuva huitwa kozhuun na vijiji huitwa sumon, neno lilelile la sumu.

Visanduku vitatu

Jamhuri ya mwaka 1921 iliishi hadi tarehe 11 Oktoba 1944, Tuva ilipoingizwa katika Umoja wa Kisovyeti. Ndani ya miaka hiyo 23 mambo ya kuandika yalipinduliwa mara mbili. Kwanza watu waliojua kuandika walitumia maandishi ya Kimongolia. Mwaka 1930 ikaletwa alfabeti ya Kilatini kwa ajili ya Kituva chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikaondolewa, zikawekwa herufi za Kirusi. Mtu aliyezaliwa 1921, kama Shoigu mwana wa Seree, alifikia utu uzima akiwa ameona jina lake likiweza kuandikwa kwa maandishi ya aina tatu.

Kisha zikaja pasipoti za Kisovyeti na fomu yake: jina la familia, jina la mtu, jina la baba. Warusi wana mazoea mawili ya kuyapanga. Kwenye nyaraka rasmi jina la familia hutangulia. Kwenye mazungumzo hutangulia jina la mtu. Watuva nao, walipolazimika kutaja vyote viwili, mara nyingi walitanguliza ukoo: Mongush Buyan-Badyrgy, Kuular Donduk, Salchak Toka. Hawa ni viongozi wa jamhuri ile, na kwa kila mmoja neno la kwanza ni mfupa na la pili ni mtu.

Sasa weka mazoea haya mezani pamoja. Mtuva akisema "Kuzhuget Shoigu", ofisa akadhani anasikia mpangilio wa mazungumzo ya Kirusi, ataandika Kuzhuget kwenye kisanduku cha jina la mtu na Shoigu kwenye kisanduku cha familia. Kwa upande mwingine, Mtuva aliyekwisha kujifunza adabu ya Kirusi akatanguliza jina lake, "Shoigu Kuzhuget", na ofisa akanakili kama alivyosikia kwenye fomu inayoanza na familia, matokeo ni yaleyale. Njia mbili zinazopingana zinafika kwenye kosa moja. Ili jina likae sawa ilibidi wote wawili wawe wanafikiria mpangilio mmoja kwa wakati mmoja, na kwa watu wa lugha mbili waliokutana mara moja mbele ya dawati, hiyo ilikuwa bahati.

Ushahidi kwamba Shoigu hakuwa peke yake uko juu kabisa ya serikali. Salchak Toka, aliyezaliwa 1901, aliiongoza Tuva tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kifo chake mwaka 1973, kwanza kama jamhuri na baadaye ndani ya Usovyeti. Kwa Kirusi aliandikwa Salchak Kalbakkhorekovich Toka. Tazama: jina la baba liko mahali pake, lakini ukoo wa Salchak umekaa kwenye kisanduku cha jina la mtu, na Toka, ambaye ndiye mtu mwenyewe, amekuwa familia. Mkewe alizaliwa 1912, na kuanzia 1940 hadi 1944 alikuwa mwenyekiti wa Khural Ndogo, yaani bunge dogo la jamhuri. Hivyo alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kuwa mkuu wa nchi bila kurithi ufalme. Anajulikana kama Khertek Amyrbitovna Anchimaa-Toka. Khertek ni ukoo, na Anchimaa ndilo jina alilopewa. Watu wanaosoma habari zake leo wanadhani "Khertek" ndilo jina ambalo mama yake alimwita nalo.

Kama kiongozi wa nchi na mkewe waliandikwa hivyo, mfugaji wa kawaida angemwambia nini karani?

Si wote waliogeuzwa, na hapo ndipo kisa kinapozidi kuwa kigumu. Mwimbaji Kongar-ool Ondar, aliyefariki 2013, aliandikwa sawa: Kongar-ool ni yeye, Ondar ni ukoo. Rais wa kwanza wa Tuva baada ya Usovyeti, Sherig-ool Oorzhak, vilevile. Mwisho "-ool" ni "mvulana", na hukaa kwenye majina ya wanaume wengi, kama "-kys", msichana, kwenye majina ya wanawake. Ni alama nzuri ya kumtambulisha mtu na ukoo wake. Lakini aliyemfuata Oorzhak, akaongoza kuanzia 2007 hadi 2021, anaitwa Sholban Kara-ool. Kara-ool, kwa umbo lake lote, ni jina la mtu, mvulana mweusi, lililosimama mahali pa familia. Na aliyemfuata yeye ni Vladislav Khovalyg, ambaye jina lake la familia ni ukoo tena. Viongozi watatu mfululizo wa jamhuri moja, na majina yao ya familia ni ya aina mbili. Kwa mgeni yote ni "majina ya Kituva" tu.

Kizazi kimoja

Turudi kwa familia ya Shoigu, kwa sababu hapo tunaweza kulifuata jina likitembea.

Kizazi cha kwanza: Seree, wa ukoo wa Kuzhuget. Hakuhitaji jina la familia.

Kizazi cha pili: Kuzhuget Sereyevich Shoigu. Ukoo umeandikwa, jina la baba limeandikwa, jina la mtu limeandikwa. Hakuna kilichopotea. Vimehamishwa tu. Angekuwa hakupata watoto, kosa hili lingebaki kichekesho cha familia.

Kizazi cha tatu: Sergei Kuzhugetovich Shoigu, na dada yake Larisa Kuzhugetovna Shoigu, aliyekuwa mbunge wa Duma, bunge la Urusi, hadi alipofariki 2021. Ukoo bado upo, lakini umebeba kazi isiyo yake. Sasa unamaanisha "baba yetu". Seree ametoka, na hilo ni la kawaida, maana kwa Warusi jina la babu hutoka daima.

Kizazi cha nne: mabinti wa Sergei. Wao ni Sergeyevna Shoigu. Kuzhuget haipo tena mahali popote.

Hapa ndipo kisanduku kinapoonyesha nguvu zake. Kisanduku cha familia hurithiwa bila mwisho, lakini kisanduku cha baba huishi kizazi kimoja na kufutwa. Kuweka ukoo kwenye kisanduku cha baba ni sawa na kuandika jambo la kudumu kwenye mchanga wa ufukweni wakati maji yanapanda. Na jina la mvulana mmoja aliyezaliwa 1921, ambalo kwa utaratibu wa Kituva lilikuwa liishie naye, likapata urithi wa ukoo. Shoigu sasa ni familia, na kwa mtu asiyejua, ni ukoo.

Athari yake si ya kumbukumbu tu. Nilisema jina la ukoo lilikuwa na kazi ya kuzuia watu wa mfupa mmoja wasioane. Chukua mjukuu wa huyu aliyeandikwa Shoigu, na mjukuu wa binamu yake ambaye karani mwingine alimwandika sawa, Kuzhuget. Kwa karatasi hawana uhusiano wowote. Kwa mfupa ni kitu kimoja. Kisha chukua Mongush wawili waliokutana chuoni Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, mmoja kwao mto huu, mwingine kwao bonde lile. Kwa karatasi ni ukoo mmoja, ila inawezekana babu zao waliingia katika jina hilo kwa njia ya sumu, bila kuwa na babu wa pamoja. Karatasi inawatenganisha walio karibu na kuwakaribisha walio mbali. Aliyebaki na jibu ni mzee anayekumbuka, na mzee hufa.

Kuna na adha ya kila siku. Koo chache zilipogeuka majina ya familia, na kila ukoo una bonde lake la asili, yakatokea maeneo, hasa magharibi kwenye mto Khemchik, ambako jina moja la familia linajaza orodha ya darasa zima. Jambo lile la kusimama katikati ya aal na kuita ukoo ndilo linalomkuta mwalimu anayesoma mahudhurio. Watu wakarudi kwenye dawa ya zamani: kuitana kwa majina yao wenyewe na kwa undugu.

Majirani walivyofanyiwa

Ni haki kusema kwamba Watuva walisalimika kuliko wengi. Wakhakasi na Wayakuti, watu wengine wa Siberia, waliingia chini ya Urusi karne nyingi kabla yao, wakabatizwa, wakapewa majina ya familia yenye -ov na -ev, kiasi kwamba Myakuti anaweza kuitwa Nikolayev na jina lisikupe habari yoyote ya mababu zake. Tuva iliingia mwaka 1944, wakati hakukuwa na padri wa kubatiza wala desturi ya kulazimisha kiambishi. Ndiyo maana Ondar alibaki Ondar, na mwanamke wa ukoo huo ni Ondar vilevile, bila ile -a ambayo Kirusi hudai kwa mwanamke.

Upande wa pili wa mpaka, Mongolia ilifanya jambo zito zaidi. Mwaka 1925 serikali ilifuta kabisa majina ya koo, kwa nia ya kuvunja nguvu za makabaila. Watu wakabaki na jina lao na la baba. Yaliporudishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi walikuwa wamekwisha kusahau ukoo wao, na umati mkubwa ukachagua Borjigin, ukoo wa Chinggis Khan. Mwanaanga wao, Gürragchaa, aliyepaa mwaka 1981, alijichagulia Sansar, yaani anga za juu. Aliyefutiwa anaweza kuchagua upya, lakini anachagua jina asilolirithi. Watuva hawakufutiwa. Yao yalibaki yote, mengine mahali pake, mengine chumba cha jirani, na anayetaka kuyapata anaweza, mradi ajue kwamba yamehamishwa.

Na sisi? Fomu zetu nyingi za Kiswahili husema "jina la ukoo" pale penye kisanduku cha mwisho, na Mzanzibari anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu hujaza humo jina la babu yake, ambalo si la ukoo hata kidogo. Akihamia Ulaya, jina la babu linakuwa la familia, na watoto wake wanaozaliwa huko wanalirithi. Nimeona ndugu wa baba mmoja wakiwa na majina tofauti ya familia katika nchi mbili kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ninaposoma "Kuzhugetovich" sioni kituko cha watu wa mbali.

Ninachotamani kwa kisa kama hiki ni kitu kidogo. Waandishi wa habari na wa kamusi, wanapomtaja Salchak Toka au Khertek Anchimaa, waongeze nusu ya sentensi: Salchak ni ukoo, Khertek ni ukoo. Hakuna pasipoti itakayobadilishwa, na familia zilizozoea majina yao zina haki ya kubaki nayo. Lakini msomaji atajua ni nani aliyeitwa nani.

Kuzhuget wenyewe hawajaisha. Wapo magharibi mwa Tuva, wameandikwa hivyohivyo, ukoo kwenye kisanduku cha familia, na watoto wao wanalirithi. Ukimuuliza Mtuva anayeifahamu familia ya yule mhariri wa Shyn wao ni mfupa gani, hatasema Shoigu.